Trojan inafutwa, ukiwasha kompyuta imerudi: inajificha wapi na inatolewaje?

Swali: "Kaka, pole na kazi. Nina steshenari ndogo hapa Morogoro, naprinti, natoa kopi na kuwajazia watu fomu za mtandaoni. Tangu mwezi uliopita, kila flashi ya mteja nikiichomeka, folda zake zote zinageuka shotikati. Antivairasi inaandika imekamata Trojan na imeifuta, lakini nikizima na kuwasha kompyuta, iko palepale. Fundi mmoja kaniambia nipige Windows upya, mwingine anataka ninunue antivairasi ya kulipia. Hii kitu inafanya nini hasa, na naitoaje bila kupoteza mafaili? Kompyuta hiyohiyo ndiyo ninayoingilia benki na barua pepe."

Jibu:

Ahsante dada, pole pia. Naanza na sentensi yako ya mwisho, maana hiyo ndiyo yenye haraka. Usiingie benki tena kwenye kompyuta hiyo, hata kuangalia salio tu. Chukua simu yako, badilisha nywila ya barua pepe kwanza, halafu ya benki. Barua pepe inatangulia kwa sababu aliyeishika anaweza kuomba nywila mpya ya karibu kila akaunti yako nyingine. Ukiwa humo kwenye mipangilio, tafuta orodha ya vifaa vilivyoingia kwenye akaunti na uvitoe vyote. Kama WhatsApp yako imefunguliwa kwenye hiyo kompyuta, iondoe kwenye orodha ya vifaa vilivyounganishwa. Kisha wapigie benki uwaeleze, wakuangalizie miamala ya mwezi huo. Fanya hayo leo. Habari ya flashi inaweza kusubiri hadi kesho.

Sasa tuje kwenye ugonjwa wenyewe. Folda kugeuka shotikati kwenye flashi, mara nyingi ni kazi ya skripti ndogo, yaani faili la amri, iliyoandikwa kwa VBScript, lugha ambayo Windows imekuwa ikiielewa yenyewe bila kuongezewa chochote. Ukoo unaojulikana sana ni ule wa H-worm, ambao wengine wanauita Houdini. Kampuni ya usalama ya FireEye iliueleza mwaka 2013, na tangu hapo watu wamekuwa wakiuchukua, wakiubadilisha kidogo na kuusambaza tena. Kwa kuwa unajisambaza wenyewe kupitia flashi, wapo watakaokwambia huyo ni mnyoo wa kompyuta na si Trojan, maana Trojan ya kawaida haijisambazi, inangoja mtu aifungue kwa mkono wake akidhani ni kitu kingine. Wewe usipoteze muda na ubishi huo. Kinachoingia dukani kwako kina tabia zote mbili.

Unaweza kuthibitisha kwa dakika moja. Chukua flashi iliyokwisha kuathirika, usiibofye shotikati mara mbili. Bofya kitufe cha kulia cha mausi juu yake, chagua Properties, kisha soma mstari ulioandikwa Target. Shotikati halali inaonyesha njia ya kwenda kwenye folda na basi. Hii yako, kama nawaza sawa, itakuwa na kitu cha namna hii:

C:\Windows\System32\cmd.exe /c start wscript.exe picha.vbs & start explorer "FOMU ZA MKOPO" & exit

Usome taratibu. Unaiambia Windows itumie wscript.exe, programu yake ya kuendeshea skripti, ianze kwa kuendesha skripti inayoitwa picha.vbs, na papo hapo ifungue folda halisi ya mteja. Kwa hiyo mteja anabofya, folda inafunguka, anaona mafaili yake yote na haoni sababu ya kulalamika. Folda yake haijafutwa. Imewekewa alama ya kufichwa na alama ya faili la mfumo, ndiyo maana haionekani hata ukiruhusu vitu vya kawaida vilivyofichwa vionekane. Jina la skripti utakalolikuta pale liandike kwenye karatasi, utalitafuta baadaye.

Kuficha folda za watu si ujanja wa jana. Desemba 1989 disketi zipatazo 20,000 zilitumwa kwa posta kwa watu wa nchi mbalimbali, baadhi yao wakijishughulisha na mambo ya afya, zikidai zina programu ya kupima hatari ya mtu kupata UKIMWI. Programu hiyo ilikuwepo kweli na ilikuuliza maswali. Ila ilikuwa pia ikihesabu kila unapowasha kompyuta, na ikifika mara 90 hivi inaficha folda, inavuruga majina ya mafaili na kukutaka utume dola 189 kwenye sanduku la posta Panama. Aliyeshtakiwa alikuwa Mmarekani Joseph Popp, msomi wa biolojia aliyewahi kufanya utafiti wa nyani huku Kenya. Nakitaja kisa hiki kwa sababu ya ile mara 90: Trojan nzuri, kama tunaweza kuiita nzuri, haina papara. Kompyuta yako kuwa haijaharibika mpaka leo hakuthibitishi chochote.

Maana shotikati ni usafiri tu. Kazi yenyewe inafanyika kimya kwenye kompyuta yako. Skripti ikishaendeshwa inajinakili kwenye folda ya AppData au Temp, ambamo programu huweka data zao na mafaili ya muda, inajiandikisha mahali ambapo Windows huangalia kila inapowaka, kisha inaanza kupiga hodi kwenye seva ya mwenye nayo kila baada ya sekunde chache. Inamtajia jina la kompyuta, jina la mtumiaji, aina ya Windows na hata antivairasi unayotumia, halafu inangoja maagizo. Anaweza kuiagiza ipakue programu nyingine, imtumie mafaili, iendeshe amri au ijifute. Hapo ndipo hatari ilipo, kwa sababu siku ya pili inaweza kuletewa mwenzake wa kurekodi unachoandika kwenye kibodi, au wa kukomba nywila zilizohifadhiwa kwenye kivinjari pamoja na vidakuzi. Vidakuzi ndivyo vinavyoiambia tovuti kwamba wewe umeshaingia. Mwizi akivipakia kwake anaweza kuingia akaunti yako bila kuulizwa nywila wala namba ya siri ya kwenye simu. Ndiyo sababu nimekwambia utoe vifaa vyote kwenye akaunti badala ya kubadilisha nywila peke yake.

Ukitaka mfano mkubwa wa tabia hiyo, iko Trojan iliyoitwa Emotet. Ilianza mwaka 2014 ikiwaibia watu taarifa zao za benki, kisha wenye nayo wakaona biashara iliyo bora ni kukodisha mlango: wakishaingia kwenye kompyuta yako wanawauzia wengine nafasi ya kupitisha vyao. Januari 2021 polisi wa nchi nane walizishika seva zake, na tarehe 25 Aprili mwaka huohuo kompyuta zilizoathirika zikapokea moduli, yaani kipande cha programu, iliyoandaliwa na polisi wa Ujerumani ya kuiondoa Emotet. Moduli hiyo iliondoa Emotet tu. Vile ambavyo Emotet ilikuwa imeshavileta vilibaki kwenye kompyuta za watu. Novemba 2021 Emotet yenyewe nayo ikarudi.

Kwako inarudi kwa sababu ndogo zaidi, na pengine ziko zaidi ya moja. Ya kwanza, antivairasi inafuta faili wakati skripti bado inaendeshwa kwenye kumbukumbu ya kompyuta. Skripti za ukoo huu zinazunguka kwenye kitanzi: kila mzunguko zinajiandika upya kwenye AppData, kwenye rejistri (daftari la mipangilio ya Windows) na kwenye flashi yoyote iliyochomekwa. Kufuta faili huku skripti inakimbia ni sawa na kudeki huku bomba linamwaga. Ya pili, kuna kazi iliyopangwa kwenye Task Scheduler, ratiba ya Windows ya kuendesha vitu vyenyewe, inayoiita tena. Ya tatu, umesafisha vizuri, halafu mteja wa kwanza asubuhi amekuja na flashi aliyoambukizwa na wewe mwenyewe wiki iliyopita.

Ya nne inahitaji swali, na nijibu bila aibu: hiyo Windows iliwezeshwa na nini? Kama fundi alitumia zile programu za kukreki Windows na Office, basi huenda aliambiwa azime antivairasi kwanza, na huenda diski C yote imewekwa kwenye orodha ya sehemu ambazo antivairasi haitakiwi kuzigusa. Desemba 2021 kampuni ya Red Canary ilieleza kuhusu visakinishi vya KMSPico, mojawapo ya programu hizo za kukreki, vilivyokuwa vimebeba Cryptbot, programu ya kuiba nywila na pochi za sarafu za kidijiti. Kreki ilifanya kazi iliyoahidiwa, ikafanya na nyingine.

Kuitoa sasa. Fuata mpangilio huu, maana ukianza na hatua ya mwisho utarudi ulipo.

Ukiwa bado na mtandao, ipe Defender, antivairasi inayokuja na Windows yenyewe, masasisho mapya, kisha pakua vitu viwili kutoka Microsoft wenyewe, vyote vya bure: Autoruns, inayoorodhesha kila kinachojiwasha pamoja na Windows, na Microsoft Safety Scanner, ya kutafuta na kuondoa virusi. Hiyo ya pili inaisha muda siku 10 baada ya kuipakua, kwa hiyo ile ambayo fundi anatembea nayo tangu mwaka jana haina maana. Ukishapakua, kata mtandao: zima Wi-Fi, chomoa kebo au modemu, chomoa na flashi zote.

Fungua Command Prompt, dirisha la kuandikia amri, kama msimamizi (Run as administrator) na uandike amri hii kwenye mstari mmoja:

reg add "HKLM\SOFTWARE\Microsoft\Windows Script Host\Settings" /v Enabled /t REG_DWORD /d 0 /f

Inaizuia Windows isiendeshe skripti za .vbs na .js. Zima kompyuta, iwashe. Kama kutatokea kidirisha kinachosema Windows Script Host imezuiwa, wakati wewe hujafungua chochote, umeshampata: kuna kitu kimejaribu kuiita skripti na kimegonga mwamba. Kwa steshenari sioni utakachokikosa kwa kuzima huduma hiyo, isipokuwa amri za kuangalia leseni ya Windows na Office, ambazo nazo ni .vbs. Ukizihitaji siku moja, rudisha 0 iwe 1.

Fungua Task Manager, nenda Details, hakikisha hakuna wscript.exe inayokimbia, ukiikuta, isimamishe. Kisha fungua Autoruns kama msimamizi. Itakumwagia mamia ya mistari, usiogope. Kwenye menyu chagua ifiche vitu vya Microsoft, orodha itapungua sana. Angalia sehemu ya Logon na ya Scheduled Tasks. Unachotafuta ni lile jina uliloandika kwenye karatasi, au chochote kinachoanzia AppData, Temp au ProgramData na chenye jina la herufi za ovyo au jina la kuigiza, mfano "svchosts" yenye s ya ziada. Usikifute kwanza. Ondoa alama ya tiki mbele yake, soma njia ya faili, nenda kwenye folda hiyo ufute faili lenyewe. Kuondoa tiki kuna faida kwamba ukikosea na kuzima kitu cha printa, unarudisha tiki na maisha yanaendelea.

Ingia Windows Security, sehemu ya kinga ya virusi, shuka mpaka kwenye Exclusions, ndiyo ile orodha ya sehemu ambazo antivairasi haitakiwi kuzigusa. Kwa duka kama lako hapo panatakiwa pawe patupu. Futa yote utakayoyakuta.

Baada ya hapo agiza Microsoft Defender ifanye ile skani inayoitwa Offline. Kompyuta itajizima na kuwaka kwenye mazingira ya pembeni, kabla Windows haijaanza, na itachukua kama dakika 15. Skani ya kawaida inafanyika Trojan ikiwa macho na ikiwa na uwezo wa kujificha. Hii inaikuta imelala. Windows ikirudi, endesha Safety Scanner kwa skani kamili uiache, hata usiku mzima ikibidi. Halafu zima, washa, angalia Autoruns tena. Kama mstari uliouondolea tiki umejirudishia, au umezaliwa mwingine pembeni yake, bado kuna mwenye kuita, na mimi hapo huwa siendelei kumtafuta, napiga Windows upya.

Flashi za wateja ni rahisi. Kompyuta ikiwa safi, chomeka flashi, angalia herufi yake, tuseme ni E, kisha kwenye Command Prompt:

attrib -h -r -s /s /d E:\*.*
del E:\*.lnk

Amri ya kwanza inarudisha folda zilizofichwa, ya pili inafuta shotikati. Skripti nayo itaonekana sasa, ifute. Utaona pia folda inayoitwa System Volume Information. Hiyo ni ya Windows, iache. Mafaili ya mteja yatakuwa yote yapo. Usimruhusu mtu akuambie flashi lazima ifomatiwe kwa ajili ya shotikati. Mafundi wengi wamepotezea wanafunzi ripoti za fildi kwa njia hiyo.

Baada ya kazi yote hiyo, bado nakushauri upige Windows upya. Fundi wako wa kwanza yuko sahihi, ingawa nina wasiwasi na namna atakavyoifanya. Kwa kompyuta ya kuchezea muziki ningekwambia usafishe uendelee. Yako inaingia benki, na kwa mwezi mzima mtu mwingine alikuwa na uwezo wa kuletea humo chochote alichotaka. Skani ikisema haijaona kitu, maana yake ni kwamba haijaona. Kusafisha kwanza kuna faida yake: unanakili mafaili yako bila kubeba ugonjwa. Nakili hati, picha na PDF tu kwenye diski ya nje. Usinakili .exe, .bat, .vbs, .js, .scr, .lnk wala .iso, na ile folda ya "Softwares" ambayo mafundi wetu hupenda kuiacha kwenye diski D, hiyo iage kabisa.

Unapopiga, tumia flashi tupu ya GB 8 au zaidi na Media Creation Tool ya Microsoft, utengeneze kwenye kompyuta ya mtu unayemwamini. Futa partisheni (migawanyo) zote za diski, C na D pia. Kupiga C na kuiacha D yenye setapu za zamani ndiyo sababu watu wanapiga Windows leo na kesho wanasema vairasi "imegoma". Kama laptopu ilikuja na Windows halali kutoka dukani, itajitambua yenyewe ikipata mtandao. Kama haikuwa halali, nunua leseni kabla ya kufikiria antivairasi ya kulipia. Angalia pia ni Windows ipi, maana msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025, na kompyuta ya benki haitakiwi kubaki kwenye mfumo usiozibwa matundu.

Fundi wa pili simpingi sana, ila antivairasi ya kulipia isingekuokoa kwenye hili. Defender iliyosasishwa, isiyozimwa na isiyo na Exclusions, inatosha kwa duka lako. Usiweke mbili, zinagombana na kompyuta inaganda.

Kuna jambo hukuliuliza. Kwenye kompyuta hiyo umewajazia watu fomu za Bodi ya Mikopo, umewaingiza Ajira Portal, umeskani vitambulisho vya NIDA na vyeti vya kuzaliwa. Nywila zao zimepita humo, na kama kivinjari kiliuliza kihifadhi na mtu akabofya ndiyo, ziko humo mpaka leo. Kwa mujibu wa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, anayekusanya taarifa za watu anatakiwa azilinde, na sheria haikusema steshenari ndogo zisamehewe. Wale ambao una namba zao, watumie ujumbe mfupi: wabadilishe nywila zao, na wasitumie tena ileile waliyokuwa nayo. Nakala za vitambulisho zilizorundikana kwenye Downloads zifute kila jioni kabla ya kufunga duka.

Ukishapiga upya, tenga. Kama unaweza kupata kompyuta ya pili, hata kuukuu, hiyo iwe ya kupokelea flashi na kuprinti, na ya benki isiguswe na flashi ya mtu. Ukibaki na moja, basi mambo ya benki yahamie kwenye simu. Jitengenezee akaunti ya kawaida isiyo ya msimamizi kwa kazi za kila siku, rudia ile amri ya kuzuia skripti, na washa Windows ionyeshe viambishi vya mwisho vya majina ya mafaili, ili "barua.pdf.exe" isikujie ikijifanya "barua.pdf". Wateja wanaokubali, wakutumie hati kwa barua pepe au WhatsApp badala ya flashi. Utapokea takataka huko pia, lakini angalau folda zao hazitarudi nyumbani zikiwa shotikati.

Kama ukisoma ule mstari wa Target ukakuta rundll32, programu ya Windows ya kuendeshea mafaili ya .dll, na faili la .dll badala ya wscript, amri ya kuzuia skripti haitakusaidia. Ruka moja kwa moja kwenye skani ya Offline, halafu upige Windows. Na ukikwama kwenye Autoruns, niandikie ule mstari unaoutilia shaka kama ulivyo, njia nzima ya faili tangu C mpaka nukta ya mwisho.